Kigingi cha Kumi na Mbili

Jirani yetu Timazi alipima ardhi kwa miaka thelathini na sita, na katika ukoo wake hakuna aliyethubutu kununua hata banda la kuku kabla mzee huyo hajalipiga teke. Kwa hiyo mpwa wake alipoipenda nyumba moja ya kilimani, yenye madirisha mapana na bonde zima chini yake, alimpigia simu kabla ya kutia sahihi.

"Shikamoo, Mjomba. Njoo uikague, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Marahaba. Na wewe na hilo tumbo, usipande ngazi za watu mpaka nifike."

Tumbo lilikuwa la miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na Timazi aliiombea hii ya tatu kila asubuhi, ingawa hakumwambia mtu.

Mwenye nyumba, mama mjane asiye na maneno mengi, aliwafungulia geti. Timazi alikagua kila kitu. Milango haikukwama. Kuta hazikuwa na nyufa. Sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa imepigwa saruji mpya, na mpwa alikichagua papo hapo kiwe cha mtoto. Miti tu ndiyo ilimshangaza mzee: ilikuwa imeinama, lakini imeinamia juu, upande wa nyumba. Akadhani inafuata jua.

Mwishowe alipigilia vigingi kumi na viwili nyuma ya nyumba, upande wa chini, mstari mmoja ulionyooshwa kwa kamba, ukikata mteremko. Kila kigingi alikiandika jina la mpwa wake kwa rangi nyekundu, kama alivyozoea kuwaandikia wateja wote. Mvua ikinyesha na udongo ukateleza, vigingi vingeshuka nao, na mnunuzi angejua mapema kwamba hapo hapafai.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne alirudi peke yake, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Mstari ulikuwa umepinda. Vigingi vya pembeni vilikuwa palepale. Vya katikati vilikuwa vimepanda.

Alipima. Akapima tena. Udongo hushuka, hata mtoto anajua. Nyasi hazikung'oka. Hapakuwa na nyayo. Na vigingi vyote vilivyosogea vilielekea dirisha moja, la chumba cha nyuma.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeuambia jina," alinong'ona.

"Nimemwambia nani?"

"Mlima, baba. Mume wangu naye alichonga jina la mwanetu kwenye nguzo ya bembea. Pale pale."

Timazi alikumbuka ile saruji mpya. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Aliogopa kujibiwa.

Akaanza kung'oa. Kimoja, viwili, vitano. Kumi na moja. Cha kumi na mbili hakikuwepo, shimo lake tu. Aliingiza mkono mpaka kwapani. Hakugusa kitu. Ndani kulikuwa na joto, kama kwenye shuka mtu aliyelala anapoondoka.

Nyumba haikununuliwa. Mpwa alilia kutwa nzima, akamwita mjomba wake mchawi wa furaha za watu, kisha akamsamehe. Timazi mwenyewe ndiye aliyemtafutia pa kupanga: ghorofa ya tatu, mji tambarare, kilima hakionekani hata kwa darubini. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mzee alimpakata akatokwa machozi bila aibu.

Wiki moja baadaye alikwenda tena kumwona. Mpwa alisukuma mlango wa chumba cha mtoto kwa bega.

"Umeanza kukwama tangu jana," alisema akicheka. "Mjomba, leo asubuhi tumempa jina. Hatujamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza."

Akamnong'oneza sikioni.

Timazi hakucheka. Mlango hukwama pale chini panaposogea. Alipiga magoti polepole, akachungulia uvunguni mwa kitanda cha mtoto.

Kigingi kilikuwa kimesimama wima sakafuni, kimelowa tope. Vigae havikuwa na ufa. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu ambayo bado haijakauka, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Halikuwa la mpwa wake. Lilikuwa lile aliloambiwa sasa hivi sikioni.