Tangi Lililofichwa Ukutani

"Choo chetu hakiharibiki ng'o!" Mjuzi aliwatambia wenzake wa darasa la sita wakati wa mapumziko. "Tangi limo ndani ya ukuta. Nani ataligusa?"

Jibu lilikuwa rahisi: yeye mwenyewe. Lakini tusikimbilie mwisho wa kisa.

Wiki iliyotangulia, fundi bomba, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache, alikuwa amemaliza kazi nyumbani kwao. Baba alitaka choo cha kufungwa ukutani, kiinuliwe kidogo, kwa ajili ya magoti mabovu ya bibi. Fundi alikubali kwa sharti moja: wanunue tangi ambalo vipuri vyake vinapatikana dukani.

"Choo si saa ya ukutani, mzee, kwamba ukishatundika basi," alisema. Kisha akawaonyesha jinsi kibao cha vitufe kinavyobanduka, na nyuma yake tundu la kupitisha mkono. "Matengenezo yote hupitia hapa. Na msitie kitu ndani ya tangi, hasa vidonge vya harufu. Vinaharibu mpira wa kizibo."

Mjuzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa analijua hilo. Jumatatu tu, akabandua kibao na kudumbukiza kidonge. Mama alinusa, akasifu, "Fundi huyu! Kaweka mpaka harufu!"

Alhamisi choo kikaanza kunong'ona. Chururu, chururu, kutwa nzima. Baba alibandika karatasi kavu ndani ya bakuli la choo, upande wa nyuma, ikalowa papo hapo. Maji yalikuwa yanavuja kutoka kwenye tangi.

"Limepasuka humo ndani," alisema mezani. "Kesho tunavunja ukuta. Na yule fundi asitegemee ile kazi ya choo cha jirani niliyomtafutia. Nitamwambia jirani atafute mwingine."

"Na mimi nitajisaidia wapi ukuta ukivunjwa?" bibi aliuliza. "Nipande ngazi za jirani kwa magoti haya?"

Mjuzi alitafuna. Chakula hakikuwa kitamu wala kibaya. Alingoja aibu imjie, haikuja. Alingoja woga, nao haukuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Aliosha sahani yake, akaiosha tena, akaenda kulala.

Kesho yake fundi, aliyeitwa na mama, alimkuta baba ameshashika nyundo na patasi.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," fundi alisema. "Wewe mzee unataka kuubomoa kwanza! Hebu weka nyundo chini. Binti, nimulikie tochi."

Mjuzi alimulika. Mkono wake ulikuwa kama wa mtu mwingine. Fundi alibandua kibao, akafunga koki ndogo ya ndani, akatoa boya, kisha akachomoa kizibo. Chini ya mpira wake kulikuwa na kipande cheupe chenye utelezi. Akakinusa.

"Hiki si changu," alisema.

"Si chako? Basi kimeingiaje?" Baba aliinua sauti. "Umekuja kurekebisha au kusingizia watu? Kazi ya jirani isahau!"

Fundi alikuwa anaifuta mikono yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Mjuzi aliviangalia vile vidole.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka bapa, kama anasoma tangazo. "Niliweka kidonge. Kimoja tu."

Baba alishusha nyundo. "Fundi, nisamehe. Kazi ya jirani ni yako."

Fundi aliusuuza mpira, akaukagua, akarudisha kila kitu mahali pake. Karatasi ya baba safari hii ilibaki kavu.

"Binti," alisema, "tangi nimelificha, lakini nimeliachia mlango. Bila mlango huu, kosa dogo lingekula ukuta mzima. Nawe ukikosea, jiachie mlango. Sema mapema, tena useme yote."

"Nimesema yote," Mjuzi aliitikia upesi.

Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya mlango wa bafu, alikohoa.

"Kimoja, mjukuu wangu? Jumatatu niliona kikaratasi kimoja cha kidonge kwenye ndoo ya taka. Jumanne kingine. Jumatano cha tatu. Mimi ni mbovu wa magoti, si wa macho."

Hapo ndipo ganzi ilipomtoka Mjuzi. Ilianzia masikioni, na yalikuwa yanawaka moto.