Kuku Asiyejua Kiingereza

Penye wazee haliharibiki neno, husema watu. Jioni ile kwetu Mundika wazee walijaa uani, na neno likaharibika mbele yao.

Nilikuwa nikiwamwagia kuku wetu mtama, kama kila jioni. Jirani yetu Robinson aliingia na mama yake, nyuma yao mzee wa mtaa, Oduori, na wenzake. Robinson husoma shule ya bweni, na hata likizo huvaa tai. Alimkamata kuku wetu mwenye madoa, akamwinua juu.

"Huyu ndiye kuku wetu aliyepotea. Quinter amemwiba. It is indisputable!"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyejua maana ya neno hilo, lakini lilikuwa refu. Kwao huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Rudisha kuku, uombe msamaha," mzee Oduori akaniambia. "La sivyo, kesho mtaa mzima utajua wewe ni mwizi."

Nikamtazama Robinson. "Neno hilo maana yake nini?"

"Maana yake hakuna kubishana!"

"Kasuku wewe! Hilo ni jambo lenye ushahidi ambao hata ukibishana nao, utashindwa. Ushahidi wako uko wapi?"

"Si haya madoa?"

"Nusu ya kuku wa Mundika wana madoa. Mzee, jua linatua. Mwachilieni njiani, katikati ya nyumba zetu. Kuku hulala kwao."

Hilo hata mtoto mdogo wa kwetu analijua, hivyo wakakubali. Robinson mwenyewe alimbeba, akamweka chini akimwelekeza kwao. Kuku akajikung'uta, akageuka, akapita katikati ya miguu ya wazee hadi bandani mwetu, akarukia kijiti chake cha kulalia.

Mama Robinson ndiye aliyecheka kwanza. "Twende tutafute wetu, Robinson. Na hiyo tai uivue."

Mzee Oduori akakohoa. "Watoto, jambo halithibitiki kwa kupaza sauti wala kwa lugha ya wageni. Lijaribuni kwanza, ndipo mseme halina ubishi. Hata sisi tuliharakisha." Kisha akanigeukia. "Lakini Quinter, umemwita mwenzako kasuku mbele ya wakubwa. Mwombe msamaha."

"Mzee, wewe nakuheshimu," nikajibu. "Lakini huyu ameniita mwizi kwa neno asilolielewa. Simwombi."