Peasi Lililoganda

Soko la asubuhi mjini Changchun lilikuwa limejaa mvuke wa supu na kelele za wachuuzi. Qiulan, ndani ya koti jekundu lililomfikia vifundoni, alikuwa amekwisha kufungua kinywa kuling'ata peasi jeusi lililoganda kama jiwe.

“Dada, usithubutu!”

Aligeuka. Mwanamume mrefu, kofia ya manyoya imemfunika hadi kwenye nyusi, alikuwa amemkazia macho.

“Hilo huloweshwa kwanza kwenye maji baridi,” alisema. “Utavunja meno.”

“Kwani meno ni yako?”

“Bado. Ila mimi ni daktari wa meno.”

“Daktari, mwache ang'ate upate mteja!” alidakia mama muuza matunda.

Qiulan alicheka. “Sina muda wa kulowesha. Nawahi mazoezini.”

“Mazoezi gani?”

“Naruka angani na skii miguuni, napiga mapindu matatu, halafu natua wima. Siku nikijaliwa.”

Daktari, aliyeitwa Dehai, alilipia peasi lile na kuomba namba ya simu, ili ajue, alisema, kama meno yamesalimika.

Tangu hapo alipiga kila jioni.

“Umekula, kipepeo wangu?”

“Nimekula peremende. Na sijapiga mswaki.”

“Lan, unataka kuniua!”

Lakini Qiulan alikuwa na jambo zito. Timu ya taifa ilibakiza nafasi moja ya mwanamke. Goti lake lilikuwa limepasuliwa mara mbili, na akiikosa nafasi hiyo angerudi kwao Fushun kufundisha watoto mazoezi ya viungo. Majaribio yalikuwa mawili, na mruko bora ndio ungehesabiwa.

Siku ya jaribio la kwanza alimwalika Dehai, akamwonya. Pale kilimani kuna sheria moja: mtu akiwa hewani, anayepaza sauti ni kocha peke yake. Mrukaji dunia inamzunguka. Sauti ya kocha ndiyo inayomwambia lini anyooke. Dehai aliitikia kwa kichwa.

Qiulan aliruka. Pindu la kwanza, la pili, kisha ukelele: “Lan!”

Alianguka chali na kuteleza juu ya vijitawi vya msonobari vilivyotawanywa ili warukaji waione theluji.

“Nilikuambia unyamaze!” alifoka, nywele zimejaa theluji.

“Niliogopa, mpenzi.”

“Basi kaogopee kliniki kwako!”

Simu za Dehai zikaita bila kupokelewa, siku baada ya siku.

Ikabaki siku moja kabla ya jaribio la pili. Kocha Meng, mama mkavu asiyependa hadithi ndefu, alimwekea Qiulan video ya lile anguko, sauti ikiwa juu.

“Tazama mikono.”

Mikono ilifunguka mapema. Ukelele ukafuata.

“Rudisha, Kocha.”

Waliirudisha. Ikawa vilevile.

“Ulikosea wewe,” alisema Kocha Meng. “Yeye alipiga kelele kwa sababu alikuona unaanguka. Masikio yako hayana hatia, wala yeye.”

Qiulan alinyanyua simu palepale.

“Dehai, nimekuonea. Kosa lilikuwa langu, nimeliona kwa macho yangu. Kesho njoo.”

Upande wa pili ulikuwa kimya.

“Umenuna?”

“Najizoeza kunyamaza.”

“Mjinga wewe!” alisema, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Kesho yake upepo ulitulia. Qiulan aliteremka, akapaa. Pindu la kwanza. La pili. “Subiri,” ilikuja sauti ya Kocha Meng. “Subiri... nyooka!” Akanyooka. Skii zikagusa theluji, magoti yakanesa, yakahimili. Ubao ukawaka alama ambazo hakuwahi kuzipata tangu apasuliwe, na jina lake likapanda juu ya wote.

Alivua skii akakimbia hadi uzioni. Dehai alisimama pale, midomo ya buluu, meno yamezama ndani ya peasi jeusi lililoganda.

“Umeling'ata bila kulowesha? Wewe, daktari?”

“Mmm!”

“Ili usipige kelele?”

“Mmm.”

Alijaribu kulichomoa, lakini lilikuwa limemganda mdomoni. Qiulan alivua glavu, akamshika mashavu yaliyopoa kama chuma.

“Nimeipata nafasi yangu. Sasa nioe. Kama hutaki, sema.”

Dehai alitoa macho, akatikisa mikono yote miwili, akaelekeza kidole kwenye peasi.

“Hajakataa,” alisema Kocha Meng. “Mleteeni maji baridi.”