Zamu za Iteka

Kila asubuhi, nyumbani kwao ughaibuni, kitongoji cha Quakers Hill, Candide hufunga chakula cha kazini huku mwanawe Iteka akipiga pasi sare. Iteka anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Alizaliwa akaitwa mvulana. Sasa anaishi kama mwanamke. Siku moja alimweleza msimamizi wake hivyo.

Wiki moja baadaye simu ililia, pasi ikiwa bado ya moto. Iteka alisoma ujumbe, akakaa chini.

"Wamenifuta kwenye rosta, Mama. Zamu zote. Msimamizi anasema nitawachanganya wazee. Nirudi nikiwa kama zamani, au nisirudi."

"Usijibu kitu. Nyamaza."

"Wazee wenyewe wanazisifia nywele zangu!"

"Nyamaza, nimesema! Kule kambi ya wakimbizi Tanzania baba yako alilalamikia mgao wa unga. Kadi yetu ya chakula ikasimamishwa miezi miwili. Hapa watachukua viza."

Apondi, jirani yao Mkenya, alikuwa mlangoni amekuja kuazima sufuria. Yeye ni wakili katika kituo cha msaada wa sheria.

"Dada Candide, hapa si kambini," alisema. "Sheria inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu amebadili jinsia. Kulalamika hakulipiwi, ila msikawie, mwaka usipite. Viza haiguswi. Na mwajiri akimwadhibu mtu kwa kulalamika, hilo nalo ni kosa."

"Na watu wa kanisani watasemaje?"

"Hao hawaandiki rosta."

Candide alicheka bila kutaka. Kisha akavuta kiti. "Haya. Tunaanzia wapi?"

"Huo ujumbe usiufute. Tafuteni na rosta ya zamani. Andikeni tarehe, na nani alisema nini."

Walituma malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia ubaguzi. Baada ya wiki kadhaa, ofisa aliwakutanisha na mwajiri kwa simu. Apondi alikaa kando ya Iteka. Msimamizi aliomba radhi. Zamu zikarudi, na beji mpya ikaahidiwa, yenye jina analotumia sasa, Iteka.

Simu ilipokatwa, Iteka alijifuta machozi. Candide alisimama mbele yake.

"Nilipokuambia unyamaze, ulidhani nakuonea haya."

Iteka aliitikia kwa kichwa.

"Sikuona haya. Niliogopa kukupoteza. Wewe ni binti yangu, Iteka. Binti yangu."