Hodi Kwenye Nyumba ya Nuru

Injinia Asinati Ruhuza alibonyeza kitufe kimoja tu, na nyumba ikasimama. Ilisimama pale pale katikati ya ukumbi mtupu: kuta za rangi ya maziwa, sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, pazia la kitenge likipepea kidogo dirishani, na juu ya meza birika la chai likitoa mvuke. Nyumba yenyewe haikuwa na tofali hata moja. Ilikuwa nuru tupu.

Mashine iliyoisimamisha iliitwa mchoranuru, na katika mji wa Kigoma wa mwaka 2094 ulikuwapo mmoja tu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha ndani ya nyumba kabla haijajengwa. Zamani fundi alichora chumba kwenye karatasi, na mwenye nyumba akabaki kukisia. Mchoranuru haukisii. Unahesabu kila mwali wa jua: umeingilia dirisha gani, umegonga ukuta gani, umerukia wapi. Ukimsogeza mtoto mchanga karibu na kitenge chekundu, utaona shavu lake nalo linapata wekundu kidogo. Ni mwanga umeichukua rangi ya nguo na kuipeleka shavuni. Basi mchoranuru unajua habari hiyo ya kila ukuta na kila kikombe. Ndiyo maana nyumba zake hazitofautiani na nyumba za kweli, mpaka uzishike.

Na nyumba hii ilikuwa na haraka. Ziwa lilikuwa limepanda tena. Watu wa mtaa wa Mgazini, ambao bibi zao walikuwa wakitembea mwendo mrefu kufuata maji, sasa walifungua mlango asubuhi na kuyakuta maji yamelala barazani. Huko mlimani kilitengwa kiwanja cha nyumba mia nne, na mitambo ya kujenga ingezimaliza kwa wiki kumi, kabla ya mvua kubwa. Lakini sheria ya mji ilikuwa hivi: mtu hahamishwi mpaka aione nyumba yake na kuweka kidole gumba kwenye kibao cha kukubali. Ili ujenzi uanze, zilitakiwa kaya zisizopungua mia tatu zikubali.

Maonyesho ya kwanza yalipata vidole kumi na kimoja. Ya pili yakapata tisa. Baraza la mji likasema ya tatu ndiyo ya mwisho. Watu wakikataa tena, mitambo itapelekwa mji mwingine unaoingoja, na Mgazini watabaki na maji yao.

"Injinia, watu wangu hawaikatai," alisema Mzee Kiza, mwenyekiti wa mtaa. "Wote wanasema nzuri."

"Mwenyekiti, nzuri haijengi nyumba. Nikiwauliza baadaye wanasema 'nzuri mno, mwanangu, Mungu akubariki, tutaona,' halafu wanaondoka mbio kama wameacha kitu jikoni."

Mzee Kiza akakuna kidevu. "Mtu akikusifia huku anakupa kisogo, ujue lipo jambo analokuonea haya."

Asinati alirudi kazini akiwa na wiki moja mkononi. Akabadilisha rangi za kuta. Akaitia meza mkwaruzo mdogo, ili isionekane mpya kupita kiasi. Akauongeza mvuke wa birika. Kila siku nyumba ilizidi kuwa ya kweli, na kila siku moyo wake ulizidi kuwa mzito.

Asubuhi ya siku ya tano akaitazama sakafu. Ukumbi ule ulikuwa na sakafu sikivu, inayokumbuka kila unyayo uliopita juu yake. Alipoiamuru ionyeshe nyayo za maonyesho yote mawili, akasimama akaduwaa. Mbele ya mlango wa nyumba ya nuru nyayo zilijaa kama sisimizi kwenye sukari. Ndani ya nyumba palikuwa peupe. Watu wachache tu, wa kuhesabika, walikuwa wamevuka kizingiti.

"Hawakuingia," alijisemea. "Hawakuingia kabisa!"

"Wangeingiaje?" ilijibu sauti nyuma yake.

Alikuwa Bi Mwamvua, mfagiaji wa ukumbi, mjane wa huko huko Mgazini, kashika ndoo mkono mmoja na dekio mkono wa pili.

"Shikamoo, mama. Umesemaje?"

"Marahaba. Nasema wangeingiaje? Mimi mwenyewe nilipanga foleni siku ile. Nimepiga hodi mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikaenda zangu. Ulitaka niingie nyumba ya watu kama mwizi?"

"Lakini mama, ulijua ni nuru tu."

"Kichwa kilijua. Miguu ilikataa." Bi Mwamvua akatua ndoo. "Na lile birika lako lilikuwa linafuka! Nikasema, aa, mwenyewe yuko uani, hajasikia. Nikamwonea haya."

"Na hawa walioingia?"

"Hao ni wale vijana wa gatini. Hao hata kwa mama mkwe wanaingia na viatu."

Asinati alikaa chini palepale sakafuni. Siku za maonyesho yeye hukaa kwenye chumba chake cha kioo, masikio kayaziba kwa visikizi ili aisikie mashine peke yake. Akaamuru sasa ukumbi urudishe sauti za siku ile. Na zikaja. Hodi. Hodi hapa. Hodi jamani, wenyewe? Hodi za wazee wenye kikohozi, hodi za akina mama waliobeba watoto, hodi moja nyembamba ya mtu mwenye haya. Mamia ya hodi, na hakuna hata moja iliyoitikiwa.

Alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka. Alidhani kazi yake imeshindwa, kumbe ilikuwa imeshinda kupita alivyotaka. Nyumba ilikuwa ya kweli mpaka watu wakaipa heshima ya nyumba! Aliyesahau ni yeye. Kule mtaa wa juu alikokuwa akiishi, milango ilisoma uso wa mtu na kufunguka yenyewe. Alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimpigia hodi mara ya mwisho. Hakukumbuka.

Kesho yake aliufundisha mchoranuru kuitikia, akamwita Bi Mwamvua ajaribu.

"Hodi!"

"Karibu," ilijibu mashine kutoka juu.

Bi Mwamvua akainua macho. "Mwenye nyumba amelala darini kama popo?"

"Basi kaa wewe ndani, mama. Uitikie wewe."

"Mimi nina ukumbi wa kudeki."

"Nitadeki mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya maonyesho ya tatu Bi Mwamvua alitandika mkeka wake mwenyewe, wa ukindu, ndani ya nyumba ya nuru, akaketi na ungo wa dagaa akiwachambua. Nje foleni ilizunguka ukumbi. Wa mbele alikuwa Mama Havijawa, mke wa fundi cherehani, mwanamke wa mwili na wa sauti.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu ndani, nipo huku!"

Mama Havijawa akavua ndala, akaingia. Nyuma yake mlango ukageuka kilima cha viatu. Waliingia wakiamkiana, wakachungulia vyumbani, wakafunua makabati ya nuru na mikono ikapita hewani, wakacheka. Mama Havijawa alichoka akauegemea ukuta. Ukuta ukampitisha, akaangukia upande wa pili kwa kishindo.

"Nyumba imenikataa!" alipiga kelele, na kicheko kikaanzia sebuleni mpaka mwisho wa foleni.

Halafu wakaanza kulalamika, na hapo ndipo Asinati alipojua ameshinda. Mtu halalamikii nyumba asiyoitaka.

"Dirisha la jiko dogo hivi! Nikikaanga kwa mawese, harufu itatokea wapi?"

"Na kitanda kinaonekana mlangoni. Mgeni akija na mimi naumwa?"

Asinati aliliacha dekio, akakimbilia mashine. Dirisha likapanuka mbele ya macho yao. Miale ikahesabiwa upya, jua likamwagika jikoni mpaka kwenye mafiga. Akasogeza ukuta, kitanda kikapata faragha. Vigelegele vilipaa mpaka nje ya ukumbi. Vidole gumba vilipohesabiwa jioni vilikuwa mia tatu na sabini na viwili.

"Sasa hiyo," alisema Mzee Kiza, "ndiyo nzuri."

Mitambo ikajenga, usiku na mchana. Miji mingine ikasikia, ikataka mchoranuru wake, tena wenye sauti ya Bi Mwamvua ndani.

"Hapana," alisema Bi Mwamvua. "Sauti itaitikia, sawa. Mzigo ataupokea nani?"

Siku ya kuhamia, mvua ya kwanza ilikuwa imeshagusa milima. Asinati alikuwa ndani ya nyumba ya mwisho ya safu ya tisa, anakagua lipu jikoni, anausukuma ukuta kwa kiganja, na ukuta nao unamsukuma. Vilikuwapo visikizi shingoni mwake, vimening'inia tu.

Nje, Bi Mwamvua alifika na mkeka kwapani na furushi kichwani. Siku ile ya maonyesho aliwaitikia watu wa mtaa mzima. Kule chini maji yalikuwa yamekifunika kizingiti alichovukishwa akiwa bibi harusi, na aliyemvukisha alikwisha kufa. Alikuwa na ufunguo mkononi. Nyumba ni yake, alijua haina mtu. Lakini miguu ilikataa.

"Hodi," alisema, polepole.

Kimya.

"Hodi hapa."

Kule jikoni Asinati aliinua kichwa. Miaka mingapi hajapigiwa hodi! Akavivua visikizi, akavitupa dirishani.

"Karibu!" aliita, sauti ikagonga kuta za kweli. "Karibu ndani, mama, nipo huku!"

Akatoka mbio mpaka mlangoni, akalipokea furushi.