Rangi ya Chini Msiitoe

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa, ya kuchosha hata. Mjomba alikuwa chini ya gari anatukana nati iliyogoma. Binamu yangu alikuwa anafua matambara ya gereji kwa sabuni, ndiyo, matambara ya gereji, kuna watu wameumbwa hivyo. Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi nawaelekeza wote wawili jinsi ya kufanya kazi zao.

Huyo binamu tulimwita Taratibu. Mtoto wa mjomba, kanizidi miaka miwili. Ukimtuma maji ya kuzimia moto, atakuletea ukiwa umeshajenga nyumba nyingine. Lakini nitasema ukweli mara moja tu, kisha usinirudishe hapo tena: mkono wake wa kulia ulikuwa mzuri kuliko wangu. Akipitisha bunduki ya rangi, rangi haichuruziki wala haifanyi mabaka, na ikikauka unaweza kujitazama ukachana nywele. Mimi nina kasi, nina maneno, nina sura. Yeye alikuwa na mkono.

Siku hiyo ndipo mzee mmoja mwenye koti refu alipoleta injini.

Ilikuja nyuma ya pikapu, imeviringishwa turubai. Injini ya gari la zamani, yale yenye taa za mviringo ambayo siku hizi yanaonekana kwenye harusi za wenye nazo. Gari lenyewe lilikuwa kwake, alisema. Bodi imenyooshwa, viti vimeshonwa upya, imebaki injini tu kusafishwa na kupakwa rangi. Tukaishusha kwa winchi na kuifunga kwenye stendi. Pistoni zilishatolewa, plagi zilishatolewa, lilikuwa bloku tupu lenye matundu manne. Hata hivyo mnyororo wa winchi ulilia kama tumebeba lori.

"Osheni grisi, pigeni msasa wa juu juu, pakeni," mzee akasema. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. "Rangi ya chini kabisa msiitoe. Ile nyekundu. Mkiifikia, simameni."

"Sawa, mzee wangu," mjomba akajibu.

"Msifike kwenye chuma."

"Tumekuelewa, mzee."

Akatutazama mmoja mmoja. Mimi alinipita kama anatazama ukuta, jambo ambalo sijazoea. Kwa Taratibu macho yakatulia. Hakumtazama usoni. Alimtazama mikono.

Alipoondoka, mjomba akajifuta jasho na kutangaza. "Hii ataipaka Taratibu peke yake. Ikitoka safi, bunduki ya rangi ni yake moja kwa moja, kazi zote za rangi ni zake. Na wewe, Mdomo, utamsaidia kukwangua."

Mdomo ni mimi. Ni jina la wivu tu, usilijali.

Sasa ngoja nikupe elimu ya bure, maana najua hapo ulipo hujui hata injini inafunguliwa upande gani. Injini inapata moto. Ukipaka rangi mpya juu ya rangi kuukuu, ikichemka mara mbili tatu, yote inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Kwa hiyo fundi anayejiheshimu anakwangua mpaka chuma. Anaosha, anaziba matundu yote kwa matambara, anafuta mafuta yote kwa thina, na kuanzia hapo hakuna anayegusa kile chuma kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja likibaki pale, rangi inakataa kushika. Kumwambia fundi wa rangi asifike kwenye chuma ni kama kumwambia mpishi asioshe mchele.

Tulikwangua siku tatu. Kijani. Chini yake nyeusi. Chini yake kijivu, kisha buluu, kisha nyeusi tena. Nilizihesabu zote, zilikuwa kumi na moja. Mchana wa siku ya tatu tukaifikia nyekundu.

Haikuwa kama rangi. Dawa ya kuyeyusha rangi ilikaa juu yake ikatulia tu, haikung'ata. Ukiibonyeza kwa kucha, ilibonyea. Ukiachia, ilirudi.

Taratibu akaweka kikwanguo chini. "Tumefika. Tuishie hapa."

"Kwa hiyo injini yako ya kwanza unapaka juu ya uchafu?"

"Mwenye mali kasema."

"Mwenye mali ni fundi? Ikibabuka baada ya wiki, atasema kapaka nani? Atasema, ah, ni yule bingwa wa kufua matambara."

"Baba kakubali, Mdomo."

"Baba yako yuko chini ya gari, anakubali kila kitu. Nakuuliza wewe. Wewe fundi au dobi?"

Unataka kujua kwa nini nilimchokoza? Rahisi. Akiharibu, bunduki inakuja kwangu. Sikuwa na neno lingine moyoni. Nilitaka aharibu kidogo tu, mzee akasirike kidogo tu.

Taratibu akainama, akaingiza ncha ya kikwanguo pembeni. Ile nyekundu ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, kama utando wa maziwa. Chini yake palikuwa na unyevunyevu. Tukaosha, tukafuta kwa thina. Ndipo tukaona.

Ubavuni mwa bloku kulikuwa na viganja.

Havikuchorwa. Vilikuwa vimezama ndani ya chuma, kama vile mtu kabonyeza saruji kabla haijakauka. Vyote vya mkono wa kulia. Mistari ya kiganja ilionekana, na alama za vidole, na kimoja kilikuwa na kovu. Vilipangwa kwa safu, kumi na kimoja. Baada ya cha mwisho palibaki nafasi tupu.

Ilikuwa nafasi ya kiganja kimoja.

"Weka wako tuone," nikanong'ona. Nilikuwa nacheka.

"Tumeshafuta kwa thina. Hatugusi."

"Utafuta tena. Au unaogopa injini isiyo na hata plagi? Ngoja nimwite mama yako akushike mkono."

Akavua glavu. Akanitazama kwa jicho la kuniambia nimeshinda, haya, furahi. Akaweka kiganja.

Kikaenea sawasawa.

"Ni ya moto," akasema, akatabasamu. Kisha akataka kutoa mkono. Haukutoka. Tabasamu likabaki pale usoni, limesahaulika.

"Mdomo," akanong'ona. "Mdomo, nivute."

Sikumvuta. Nilikuwa natazama matundu manne ya silinda. Nilikuwa nimeyaziba mwenyewe kwa matambara asubuhi. Matambara yalikuwa yanatuna. Yakatuna. Yakadidimia. Yakatuna tena.

Bloku lilikuwa linapumua.

Halafu likamwachia. Taratibu akaanguka chali. Kwenye chuma palikuwa na kiganja cha kumi na mbili, kimezama, mistari yote ipo. Akageuza mkono wake kuutazama. Haukuwa na mstari hata mmoja. Ulikuwa laini kama sahani.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, ulitaka nilie?

Akajaribu kushika bunduki ya rangi. Ikamponyoka. Akajaribu tena, ikamponyoka. Aliiokota kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akanikabidhi. Basi nikapaka mimi. Praima, ile rangi ya kushikia, nikasubiri, kijani tabaka la kwanza, nikasubiri, tabaka la pili. Viganja vyote kumi na viwili vikapotea chini ya rangi. Na sijisifu, ila ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kufikia Jumapili mkono wa Taratibu ulikuwa wa kijivu mpaka kifundo. Siku mbili baadaye ulikuwa baridi. Mjomba alimkanda kwa maji ya moto, akampeleka kwa mganga wa mitishamba, akampeleka zahanati. Taratibu aliuliza swali lile lile kila alikopelekwa: "Nitashika tena bunduki?" Kila aliyeulizwa alitazama pembeni.

Mzee wa koti akarudi kuchukua injini yake. Akaizunguka polepole. Akapitisha kidole ubavuni, juu ya rangi yangu.

"Mlifika kwenye chuma."

Mjomba akaanza kubabaika. Mimi nikajitosa, ndivyo nilivyo. "Mzee, fundi mzuri hapaki juu ya rangi kuukuu."

"Najua," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Ningewaambia mkwangue mpaka chuma, mngechoka mkaishia njiani. Nawafahamu mafundi. Fundi mzuri mwambie asifike. Atafika."

Akalipapasa bloku.

"Miaka minne imegoma kuwaka," akaendelea. "Sasa itawaka."

"Mkono wa mwanangu," mjomba akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwake. "Mzee, nakuomba. Mkono wa mwanangu."

"Mkono gani? Si anao pale?"

Mjomba akaokota nyundo kubwa, ile ya kunyooshea chasisi. Akaipandisha juu ya bega, akaishusha kwenye bloku kwa nguvu zake zote.

Taratibu akapiga ukelele.

Alikuwa upande wa pili wa gereji, karibu na mlango, hakuna aliyemgusa. Tukageuka. Vidole viwili vya ule mkono wa kijivu vilikuwa vimepinda kwa nyuma.

Mzee hakushtuka. Alisimama tu, mikono nyuma, kama anayesubiri chai. "Piga tena, fundi," akasema kwa upole. "Vimebaki vitatu."

Nyundo ikamtoka mjomba mkononi. Tukaipakia ile injini kwenye pikapu sisi wenyewe. Winchi ikainyanyua, mjomba akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, isiyumbe. Alikuwa analia, na bado alikuwa anasema, "Polepole, angalieni, isigonge."

Hospitali walisema damu ilishaacha kupita zamani. Daktari akauliza ni miaka mingapi mkono uko hivyo. Tukamwambia siku tisa. Akadhani tunamtania. Waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Basi bunduki ya rangi ikawa yangu. Mjomba hakunipa, niliichukua tu pale ilipokuwa imening'inia, na hakuna aliyenikataza. Mjomba hanisemeshi siku hizi, ananyoosha kidole tu kuonyesha kazi. Sina shida. Kazi naipata.

Wiki ya pili tangu Taratibu atoke hospitali, mama yangu alikuwa anafua. Akaniita uani, ameshika shati langu.

"Wewe mtoto, nani huyu anakupigapiga mgongoni na mikono ya oili?"

Katikati ya mgongo wa shati palikuwa na alama ya kiganja. Cheusi. Vidole vitano. Cha kulia.

"Mambo ya gereji, mama."

"Gereji unavaa shati la kutokea?"

Lile shati mama alilitoa kabatini ili aliondoe vumbi tu. Sijalivaa mwezi mzima.

Shati lililofuata, alama ilikuwa begani. Nikaisugua kwa thina mpaka kitambaa kikatoboka.

Nikaenda kumtembelea Taratibu. Sikwenda kwa hofu, elewa, nilikwenda kama ndugu. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililonikosesha raha.

"Bunduki haijambo?"

"Haijambo."

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Binamu, bado nauhisi."

"Nini?"

"Mkono. Daktari kasema ni kawaida, utaisha. Lakini nauhisi uko mahali. Pana giza, pana moto, panatetemeka. Ni gari linatembea." Akaishika ile pini. "Gari likizimwa, unatoka."

"Unakwenda wapi?"

"Sioni. Nahisi tu. Mwanzo nilishika kitambaa. Juzi nikashika bega. La mtu aliyelala."

"Mtu gani?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningelipa chochote awe na hasira.

"Leo alfajiri nilishika shingo," akanong'ona. "Ina joto. Mshipa unapiga. Sikubana. Nilitaka kujua tu, kama nikitaka, vidole vitatii."

"Vikatii?"

"Vyote vitano. Hata vile viwili."

Nikamcheka. Nikamwambia dawa za hospitali zimempanda kichwani, nikaaga, nikatembea nyumbani kwa mwendo wangu wa kawaida. Mama alinikuta mlangoni. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akaniachia haraka.

Nikaenda kwenye kioo. Kola ilikuwa safi. Alama ilikuwa kwenye ngozi yenyewe. Vidole vinne upande wa kushoto wa shingo, gumba upande wa kulia.

Nimeisugua kwa sabuni. Nimeisugua kwa mafuta ya taa, kwa thina, kwa msasa laini. Ngozi imetoka, alama haijatoka. Nami siogopi, waulize wote wanaonijua. Ila jana usiku niliweka nukta ya kalamu pale gumba lilipoishia, kujiridhisha tu.

Leo asubuhi nukta imefunikwa, na gumba limesogea upana wa nati ndogo kuelekea kwenye koo.