Kadi Iliyosafiri Siku ya Ijumaa

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Bi Manal alifanya mambo matatu mlangoni. Alifunga mtandio, akambusu mama yake mkono, kisha akapapasa mfuko wa nje wa mkoba kuhakikisha kadi ya basi imo. Baada ya hapo alitembea hadi kituoni, na binti yake Ghaliya, mwenye miaka kumi na mitatu, akangoja basi la shule.

Hapo Bawshar, mtaani kwao, kila nyumba ina gari, na nyingine zina matatu. Gari la akina Ghaliya alikuwa nalo baba, aliyefanya kazi mji wa mbali wa Sohar na kurudi kila baada ya wiki mbili. Ndugu walimtania Bi Manal kwa kupanda basi, naye akacheka tu. Kampuni yake, iliyouza vifaa vya hospitali kule mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ilikuwa na utaratibu mzuri. Kila mwezi sehemu ya ujira wa mfanyakazi ilitiwa kwenye kadi ya basi kabla ya makato yoyote, na kampuni ikaongeza ya kwake juu. Sharti lilikuwa moja, na wote walilitia saini: kadi ni ya mwenyewe, ya kwendea kazini na kurudi. Akiitumia mtu mwingine, kadi hufungwa.

Jumapili moja, siku ya kwanza ya wiki ya kazi, mama yake Ghaliya alirudi kwa teksi, uso umemwiva.

"Kadi yangu imefungwa!" alisema hata hajavua viatu. "Ati imetumika Ijumaa, kwenda mjini Ruwi na kurudi. Ijumaa ofisi imefungwa, mimi nlikuwa jikoni nnapika biriani! Bwana Khattab wa ofisini anataka barua kesho asubuhi, nimwambie nani kaichukua. Nikikosa jibu, atadhani mwongo ni mimi."

Ghaliya alikuwa akimenya chungwa. Kisu kilisimama.

Maana aliyekwenda Ruwi ni yeye. Ijumaa ile aliaga kwamba anakwenda kwa Jawaher, rafiki yake wa nyumba ya tatu. Alikwenda kweli, akakaa dakika kumi! Kisha wote wawili wakapanda basi kwenda kununua shanga za maonyesho ya shule. Jawaher alikuwa na kadi yake. Ghaliya alichomoa ya mama mkobani, kwa kuwa angeomba nauli angeulizwa safari. Aliirudisha kabla ya magharibi, akajisifu moyoni kwamba kadi haina mdomo. Kumbe mashine ya basi huandika kila kitu, siku, saa na kituo.

"Nani humu ndani alikwenda Ruwi Ijumaa?" mama aliuliza. Macho yake yalielekea jikoni.

Kirabo alitoka akijifuta mikono. Alikuwa msichana wa Uganda aliyefanya kazi pale nyumbani na kumtunza Bibi Bakhita, mama yake Bi Manal, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko, na kila Ijumaa alisali kanisani huko Ruwi.

"Madam, mimi sijashika kadi yako," alisema. "Nilienda na gari ya kanisa. Muulize Namazzi, tulikuwa naye."

"Namazzi rafiki yako, atasema nini?"

"Manal," Bibi Bakhita aliita kutoka kwenye kochi. "Umemwona kwa macho yako?"

"Mama, kwani nani mwengine? Wewe huwezi kushuka ngazi, na Ghaliya alikuwa kwa Jawaher."

"Mimi nnakuuliza, umemwona?"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama alichukua simu, akapiga kwa wakala aliyemleta Kirabo, akasema neno ambalo Ghaliya hakutaka kulisikia: mwizi. Wakapatana kwamba kesho saa moja asubuhi mama ampeleke Kirabo huko. Huenda angerudishwa kwao.

Sasa ilikuwa zamu ya Ghaliya kusema. Alijiambia atasema baada ya chakula. Chakula kikapita. Akajiambia atasema baada ya sala ya isha. Sala ikapita, na yeye yuko kitandani amejifunika gubigubi, anajichukia.

Alfajiri aliamka akakuta sare yake ya shule imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi kama siku zote. Kifungo cha mkono kilichokatika Alhamisi kilikuwa kimeshonwa. Alikitazama, machozi yakamtoka. Alipofika sebuleni, begi la Kirabo lilikuwa tayari karibu na mlango, na mwenyewe amepiga magoti, anamvisha Bibi soksi kwa mara ya mwisho.

Teksi ilipiga honi nje. Mama alikuwa na bahasha ya barua mkononi.

"Kirabo, twende."

"Mama, usiende!" Ghaliya alisimama mlangoni, akaziba njia. "Ni mimi. Kadi niliichukua mimi. Nilikwenda Ruwi na Jawaher. Shanga zenyewe hizi hapa." Akamimina shanga mezani, nyingine zikaviringika hadi miguuni pa mama.

Teksi ilipiga honi tena. Mama aliiangalia bahasha, akaichana vipande viwili, akakaa kitako chini pale pale alipokuwa.

"Jana ulikuwepo," alisema polepole. "Ulinisikia nnamwita mwizi, ukanyamaza."

"Niliogopa, Mama."

"Na mimi sikuuliza. Nlimwona mgeni, nkatosheka." Alimgeukia Kirabo. "Mwanangu, niwie radhi. Nimekudhulumu."

Kirabo alikuwa analia, lakini sauti yake haikuyumba. "Nimewasamehe. Lakini Madam, yule wakala ameshaandika jina langu kwa ubaya. Mpigie sasa, mimi nisikie."

Mama alipiga, akaweka sauti ya simu juu. Alitaja jina lote la Kirabo, akasema hana kosa hata chembe, na kwamba mkosaji ni binti yake. Ghaliya alisikia jina lake likitajwa, akainamisha kichwa.

Asubuhi hiyo hiyo walikwenda ofisini pamoja, na Ghaliya akasema mwenyewe mbele ya Bwana Khattab. Bwana huyo alimsikiliza hadi mwisho. "Ahsante kwa ukweli," alisema. "Lakini sharti ni sharti. Kadi itabaki imefungwa miezi mitatu."

Basi miezi mitatu mama aliondoka alfajiri kwa gari la jirani, na Ghaliya akawa anaamka kabla yake kumtengenezea chai. Ijumaa yeye mwenyewe alikaa na Bibi, Kirabo akienda kanisani. Kirabo alichukua wiki nyingi kabla hajacheka naye kama zamani, na Ghaliya hakumlaumu.

Siku kadi ilipofunguliwa, mama aliitia kwenye mfuko wa nje wa mkoba, akamwita binti yake.

"Ghaliya, kuchukua kadi lilikuwa kosa, nalo tumelilipa kwa miezi mitatu. Lakini ule usiku mmoja ulionyamaza, aliyeulipa ni Kirabo. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwengine hajafunga begi lake."